Mgeni wa Kuchaji

"Leo umepata mgeni, shoga?" Mwanahawa, jirani yake, aliwahi kumuuliza Bi Saumu, wakacheka. Sheria ilikuwa bado mpya: nyumba hupata umeme pale tu gari la mpita njia linapochaji mlangoni pake.

Leo amepita dereva mmoja tu. Gari lake likichaji mlangoni, Bi Saumu alimkalisha kwa chai na vitumbua, huku friji yenye insulini ya mjukuu wake ikinguruma.

Mwanahawa akapiga hodi, akaingia. "Mwanangu, nusu iliyobaki njoo uchaji kwangu. Mashine ya kupumulia ya mzee wangu inakaribia kuzima."

Dereva akainuka. Bi Saumu akasogeza punje moja ya tasbihi, kisha akamjazia kikombe.

"Kaa, baba. Vya moto ndio kwanza vinatoka."

Dereva akaketi. Mwanahawa akakitazama kikombe, akatoka.