Wasichana wa Barazani

Bintiye ndiye aliyempeleka Bi Nyamizi kwenye makumbusho ya mji, bila kujua kwamba mama yake aliifahamu nyumba ile tangu ilipokuwa danguro la wachimba dhahabu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda cha chuma, na juu yake picha ya wasichana wanne wameketi barazani.

"Hawa hakuna anayewajua majina," mwongoza wageni alisema. "Mgodi ulipofungwa, walitawanyika."

Binti akaisogelea picha. Akamkodolea macho msichana wa pembeni, aliyejiziba mdomo kwa kiganja asionekane akicheka. Mpaka leo Bi Nyamizi alicheka vivyo hivyo. Angeweza kusema amechoka, watoke nje.

"Mama," binti aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu ni nani?"

Bi Nyamizi akasogea karibu naye.

"Ni mimi, mwanangu. Na huyu niliyemwegemea ni Kabula. Alifia humu humu. Jina lako nililitoa kwake."

Binti hakugeuka. Aliinua kidole kuelekea kioo cha picha, kikabaki hewani, kati ya nyuso zile mbili.