Hewa Ndani ya Memori

"Toa hilo onyo la maji machafu kwenye programu," bosi alisema. "Memori imejaa, na kifaa kinaenda Koboko leo."

Hajara alitazama kifaa cha kupimia kisima pale mezani, taa yake nyekundu ya memori kujaa ikiwaka. Bila onyo, watu wangejua maji ni mengi kiasi gani, wasijue kama yanaua.

"Haijajaa," alisema. "Iko na hewa tu."

Data ilikuwa imepangwa ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. Kila kubwa lazima ianzie mahali pake maalumu, kwa hiyo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa inaacha baiti tupu, nafasi zisizo na kitu, baada ya kila ndogo.

"Mama yangu anapakia pikapu za Koboko," Hajara alisema. "Magunia kwanza, vikopo vyote mwisho, pamoja."

"Hapa si sokoni. Toa, ama nitoe mimi."

Hajara akavuta kompyuta upande wake. Akapanga upya, kubwa juu, ndogo chini, onyo likiwa la mwisho kabisa. Akabonyeza, programu ikaingia kwenye kifaa.

Taa ikageuka kijani.

Akamsogezea bosi kibodi. "Nafasi iko. Sasa toa onyo, halafu panda gari, uende uwaambie wenye kisima kwa nini."