Mnana na Kiota Kilichokataliwa

Nipeni masikio, midomo bakini nayo. Mnana dume alifuma kiota apate mke kabla ya masika, maana kwao jike hukagua nyumba kwanza ndipo akubali mume. Jike akaja, akavuta nyasi kwa mdomo, kiota kikayumba. "Hiki hapana," akasema, akaenda zake.

Kunguru, bingwa wa kelele, akacheka. "Bwana harusi, umekataliwa mchana kweupe. Mtukane basi."

"Kukubali ni kazi yake. Kufuma ni yangu," Mnana akajibu, akakifumua chote, akaanza upya kwa nyasi mbichi.

Kunguru akashinda akimcheka, na vijiti vya kiota chake mwenyewe vinalegea. Jioni upepo ukaja, ukakiangusha. Akautukana upepo mpaka sauti ikamkauka. Kiota cha Mnana kikabembea tu.

Asubuhi jike akarudi. Akavuta, akavuta tena, akaingia ndani.

"Sasa mbona huruki kwa furaha, wewe?" Kunguru akakwaruza.

"Nimefurahi," Mnana akasema. "Hebu sogea, umekalia nyasi zangu. Mlango haujaisha."

Huyo ndiye ndege. Wengine ni manyoya tu.