Mkunga Juu ya Barafu

Majira ya baridi yalikuwa yakiisha, na barafu iliyoufunika mto ilikuwa imeanza kulainika. Ng'ambo, Sunniva alishikwa na uchungu wa uzazi, ikabidi mumewe, Joar, avuke kwa miguu kumfuata mkunga Ragna. Wakafungana kamba viunoni, wakaanza safari ya kurudi.

Katikati ya mto barafu ilitoa mlio wa kupasuka kama kuni motoni. Mguu wa Joar ukazama hadi gotini. Ragna alijitupa kifudifudi, akaivuta kamba mpaka viganja vikamchubuka, naye Joar akajikokota juu.

"Turudi, mama," alisema Joar. "Nitawapoteza nyote."

"Wewe ndiye mzito. Nipishe nitangulie, unifuate kwa mbali."

Akatambaa, akiusukuma mkoba wake mbele, akisikiliza kila mlio chini ya kifua chake. Mara kamba ikakazika. Joar alikuwa amelala palepale, woga umemmaliza nguvu. Vidole vya Ragna vilikufa ganzi, lakini alilifungua fundo, akaendelea peke yake.

Ndipo mlango wa nyumba ya Joar ukafunguka. Mama yake Sunniva alitoka mbio, akipunga kitambaa kwa mikono miwili. Ragna aliinua kichwa, asijue anahimizwa au anazuiwa.