Mtihani wa Kila Kopo

"Haya, Profesa, hii rangi gani?"

Fundi alimsogezea mkewe kopo karibu na pua, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi mzito herufi ya kwanza. Mkunga, mwenye skuta inayopakwa rangi, akatazama pembeni kwa kumwonea haya mwanamke mwenzake.

"Ya chungwa, baba watoto."

"Angalau hiyo unaijua." Akamkonyeza mteja. "Miaka sita ndoani, bado namfundisha rangi. Na mtu ana cheti cha darasa la jioni!"

Mtihani huo ulikuwa wa kila siku na kila kopo, hasa mbele ya watu. Mkewe hakuwahi kukosa hata mara moja.

Mkunga akarudia maagizo yake: mstari mwembamba wa chungwa kwenye boksi la nyuma, na mwili mzima kijani kilichoiva, rangi ya zahanati anayohamia. Angeipitia saa saba. Alipopotelea tu barabarani, fundi akaangua kicheko.

"Umeziona taa nne? Kwani watoto siku hizi wanazaliwa shimoni? Vioo virefu kama masikio ya punda, kioo cha upepo, boksi... bado pazia tu! Na skuta yenyewe ikiona mlima inakohoa."

Mkewe alikuwa akizifunika taa hizo kwa magazeti zisirukiwe rangi.

"Baba, ile gereji kubwa ya kona wameniita saa nane. Wanatafuta mchanganya rangi."

"Wewe?" Fundi aliuweka msasa chini ili acheke vizuri. "Kukoroga uji kusikudanganye, mama. Wale wanapanga makopo mezani, wanakuuliza moja baada ya jingine. Utajibu nini, na mimi sipo?"

Huenda ni kweli, aliwaza mkewe. Mtu akiambiwa kila siku kwamba hajui, mwisho hulitilia shaka hata jina lake. Alikuwa ameshaipiga pasi blauzi yake ya usaili. Sasa akaona afadhali aivae mwanasesere wa bintiye.

Juu ya meza palikuwa na makopo mawili wazi: kijani alichokichanganya mkewe asubuhi, na rangi ya damu ya mzee iliyobaki kwenye kazi ya jana. Fundi akanyanyua moja.

"Haya, jipime kabla hawajakupima. Hii?"

Ilikuwa damu ya mzee, nzito, nyekundu ya kuiva hadi karibu na weusi. Aliiona wazi. Lakini leo kiburi kidogo, kitamu, kikampanda kifuani. Na acheke mpaka ashibe; akishashiba, yeye ataoga na kwenda zake kwenye usaili.

"Kijani," alisema. "Kijani kilichoiva."

Akasubiri.

Fundi akamtazama, akasonya, akaimimina rangi kwenye bomba la kupulizia.

Ananitania, aliwaza mkewe. Atapuliza kwanza kwenye kipande cha ubao, aniite nione aibu yangu. Lakini fundi hakuutafuta ubao. Alianza na madigadi ya mbele, akapanda shingoni, akateremka ubavuni, mkono mwepesi, taratibu, bila kuacha doa wala mchirizi. Kazi yake alikuwa anaiweza. Mkewe akabaki na gazeti mkononi, akingoja acheke.

Bomba likanyamaza. Skuta ilisimama katikati ya karakana ikimeremeta, damu ya mzee toka madigadi hadi boksi. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa begani, akaikagua kwa raha, usoni hana hata chembe ya utani.

"Kijani si ndiyo hicho!" alisema. "Sasa niambie, Profesa, bila mimi ungeijulia wapi?"