Kindi na Kitunguu cha Amarilisi

Zamani hizo, Kindi alipokuwa bado hajui kutulia, alipanda kitunguu cha ua la amarilisi. Kila asubuhi alikifukua, akakikagua, akakifukia tena.

"Bado tu, jirani!" akamlalamikia Fuko.

"Unakisumbua kila siku, kitakua saa ngapi?"

Siku moja akakifukia mbiombio na, kama kawaida ya kindi, akasahau wapi. Alichimba kila mahali isipokuwa pale, kisha akamnunia Fuko: "Mwizi wewe!"

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikarudi. Asubuhi moja, lo! Ua jekundu kuliko moto, kubwa kuliko kichwa chake! Kindi akaruka juu, akasahau hata kununa.

"Jirani, njoo uone! Fundi gani kaotesha hili?"

"Wewe," akajibu Fuko, "siku uliyokisahau."