Aliyeitazama Injini

Siku hizi treni humtambua kila aliyesimama stesheni, na ndugu yake akiwemo ndani huambiwa, ashuke amsalimie. Mimi hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilikuja Tabora, zinapokutana treni za Kigoma na Mwanza, kuangalia injini mpya ya kijani niliyoisubiri tangu masika.

Ikaingia. Lo, ilivyong'aa! Nilikuwa nimeinama naangalia magurudumu, nikashtuka nimekumbatiwa. Alikuwa Kalunde, binti yangu, ambaye tulikuwa hatujaonana naye tangu aolewe Kigoma.

"Shikamoo, baba! Umejuaje kama napita leo?"

"Marahaba, mwanangu. Moyo tu ulinituma," nikasema, uso unaniwaka kwa haya.

Akanipa chupa ya mawese, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikamjibu, ila macho, Mungu wangu, macho yalimpita begani yakarudi kwenye injini.

Honi ikalia. Akapanda, akasimama mlangoni, akatabasamu kidogo.

"Baba, usione haya. Treni ilinieleza mapema: baba yako yupo, ila amekuja kutazama injini. Nikashuka hivyohivyo."